Kijiji kina kasha lake, pesa ziingie humo

Kijiji cha Walungu au Kalehe hakina haja ya kuundiwa komite nyingine. Hapa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, karibu kila mradi wa kutoka nje huanza hivyo hivyo: wanachaguliwa rais, makamu, katibu na mweka hazina, wanaitwa kwenye semina, wanapewa perdiem, yaani posho ya siku. Mradi ukifungwa, komite inakufa nao. Bomba likivuja, hakuna wa kununua koki.

Na kijiji hicho hicho kina mutualite, yaani vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, ambazo hakuna mradi uliozilipa ziendelee. Wasomaji wa Bukavu, mji mkuu wa mkoa wetu, wanaijua MUSO (mutualite ya mshikamano), lakini nawaeleza walio mbali. Wanachama hukutana kila juma au kila mwezi, na mbele yao yanawekwa makasha matatu. La kijani ni la akiba. Humo ndimo mama anakopa mtaji wa kununua muhogo na kuuza. Jekundu ni la msaada: ugonjwa, kilio, ajali. La buluu limetengwa kwa ajili ya pesa inayotoka nje. Pesa inahesabiwa watu wote wakiona. Kwa hiyo mlango wa mfadhili ulikuwepo tangu zamani, na bado wengi wanaupita na kwenda kujenga mwingine.

Kuna ushahidi ambao ningependa wafadhili wausome tena. Mradi wa Tuungane, uliolipwa na Uingereza na kuendeshwa na mashirika ya misaada IRC na CARE kuanzia 2007, uligusa zaidi ya vijiji elfu moja vya mashariki mwa Kongo. Komite zilichaguliwa kwa kura, mafunzo ya utawala bora yakatolewa, kisha pesa za kujenga. Ili kuupima, vijiji zaidi ya 500 vilipewa dola 1,000 kila kimoja na kuachwa viamue vyenyewe. Baadhi vilikuwa vimepitia Tuungane, vingine havijawahi. Ripoti ya watafiti ilitoka 2012: hawakuona tofauti ya maana katika jinsi vijiji hivyo vilivyoamua na kutunza pesa. Wapo waliosema basi, mradi ulishindwa. Mimi nasema ujuzi wa kutunza pesa ya pamoja haukuwa ukingoja semina. Gharama ya mafunzo yale ingejenga shule ngapi?

Najua pingamizi, na ni la haki. Aliye maskini kabisa hayumo kwenye mutualite, maana hana cha kuchanga. Shefu, yaani chifu wa kijiji, naye anaweza kuivuta pesa upande wa ndugu zake. Ndiyo maana sisemi kundi moja lipewe mali ya kijiji kizima. Baraza la wote, wajane na vijana wakiwemo, ndilo liamue kama ni chemchemi, daraja au zahanati. Mutualite kazi yao iwe kutunza: mbili au tatu kwa pamoja, funguo zikae kwa watu wa familia tofauti, na bei ya kila mfuko wa simenti isomwe hadharani Jumapili watu wakitoka kanisani. Sehemu ya pesa isijengewe kitu. Ibaki kwenye kasha, ikopeshwe kwa riba ndogo, ili koki ikivunjika fundi alipwe siku hiyo hiyo.

Jambo hili halingoji tena. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu mwezi wa Februari, benki zikafunga milango, na mwaka huo huo Marekani ikaifunga USAID, shirika lake la misaada. Magari yenye nembo za mashirika yamepungua barabarani. Ndugu zetu walio Ubelgiji, Kanada na kwingineko wanaendelea kuchanga kwa ajili ya vijiji vyao, na nawaomba kitu kimoja: kabla ya kutuma, pigeni simu muulize kijijini kuna mutualite ngapi zilizo hai, nani anashika funguo, na daftari lilisomwa mara ya mwisho lini mbele ya watu.