Mwacheni Magath na jibini lake

Nimechoka. Felix Magath, yule kocha Mjerumani, akitajwa tu kwenye mjadala wa mpira, dakika mbili haziishi kabla mtu hajaleta jibini. Eti alipokuwa Fulham ya Uingereza alimwambia beki wake Brede Hangeland aweke jibini kwenye goti bovu. Vicheko, mjadala umekwisha. Mwenyewe alisema ilikuwa rai tu, na kwa Wajerumani kukanda uvimbe kwa jibini laini ni dawa ya nyumbani ya siku nyingi. Wewe unayecheka, bibi yako hakuwahi kukufunga mguu majani ya mbono?

Wengi wanaocheka hawajui hata kama alicheza. Huyu ni kiungo aliyeipa Hamburg Kombe la Ulaya mwaka 1983 kule Athens. Juventus walikuwa na Platini, Boniek, Rossi, na Zoff golini. Dakika kumi hazijatimia, Magath kautupia mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi, Zoff kabaki kuutazama. 1-0 mpaka kipenga cha mwisho.

Lakini mimi hoja yangu ni Wolfsburg. Alipofika 2007, timu ilikuwa imemaliza ya 15. Msimu wa kwanza ya tano. Msimu wa pili, bingwa wa Ujerumani! Na si kwamba waliongoza tangu mwanzo. Mapumziko ya majira ya baridi yaliwakuta nafasi ya tisa, huku watu wote wakiimba Hoffenheim, waliokuwa kileleni. Waliporudi wakashinda mechi kumi mfululizo. Aprili 2009 Bayern wakala tano kwa moja, la mwisho Grafite akiwapita mabeki kama hawapo kisha akamalizia kwa kisigino. Grafite 28, Džeko 26: mabao 54 ya watu wawili, na rekodi ya Müller na Hoeneß wa Bayern ya mabao ya wawili katika msimu mmoja ikaanguka. Nani alikuwa anawagombania hao kabla? Mmoja alitoka Le Mans, mwingine Teplice. Aliwaleta yeye, kwa sababu usajili nao ulikuwa mkononi mwake.

Haya, pesa za Volkswagen, wenye timu, zilikuwepo. Sawa. Zimekuwepo miaka yote, na ubingwa wa ligi ni huo huo mmoja.

Mnasema alikuwa mkatili. Alikuwa. Mipira mizito ya mazoezi, kilima alichojengewa ili wachezaji wakikwee mpaka miguu igome. Fjørtoft, aliyefundishwa naye Frankfurt, alitania kwamba hajui kama Magath angeiokoa Titanic, ila manusura wangekuwa fiti kabisa. Na ndiyo, kumpa mtu mmoja ukocha na usajili kuna mwisho wake: Schalke alimaliza wa pili 2010, mwaka uliofuata kafukuzwa. Fulham wakashuka daraja naye. Sipingi.

Ila kocha aliyeipa Bayern ligi na kombe misimu miwili mfululizo, 2005 na 2006, anakumbukwaje kwa goti la beki? Tena Bayern wenyewe walimtimua miezi michache baadaye. Shukrani ya punda.

Mwaka 2022, akiwa na miaka 68, Hertha walimwita wakiwa wanazama. Mchujo wa kubaki ligi kuu, wakapoteza mechi ya kwanza nyumbani, wakaenda kushinda 2-0 ugenini. Wapinzani walikuwa nani? Hamburg. Wale wale wa Athens ndio aliowaacha daraja la pili.