Maelezo Yangu Rasmi Kuhusu Kabati la Jirani

Ndugu wafuasi, rafiki yangu ameshasambaza kwamba jana jioni nilikutwa chumbani kwa jirani nimekumbatia kabati mbele ya washenga. Habari hiyo ni ya kweli kwa kila neno, ila ameitoa bila sababu, na sababu ndiyo pekee inayonitofautisha na mwendawazimu.

Nyumba yetu ya Magomeni mnaifahamu, na malalamiko ya bi mkubwa wa chumba cha pili mnayafahamu zaidi, kwa kuwa baadhi yenu mliyapokea uso kwa uso mlipokuja kutazama mpira. Ukuta wetu ni mmoja, wa tofali la inchi 6. Upande wangu, kwenye kona, ilikaa sabufa. Upande wake, mgongo kwa mgongo na sabufa hiyo, lilisimama kabati la vioo lenye vyombo ambavyo tangu aolewe havijawahi kumlisha mtu. Kila besi ilipopiga, vikombe vyake viliitikia. Basi nikaamua kulimaliza jambo hili kitaalamu: nilibandika trei za mayai ukuta mzima, na ule upenyo wa juu, baina ya ukuta na dari, nikaushindilia vipande vya godoro kuukuu hadi hata mbu akakosa njia. (Mliochangia trei, ahsanteni. Aliyechangia ile yenye yai lililovunjikia ndani, tutaonana.)

Kilichobaki kilikuwa kupima. Nilimwachia rafiki yangu simu yangu, iliyounganishwa na sabufa kwa bluetuthi, nikamwagiza aketi kwenye kiti changu na aongeze sauti taratibu mpaka mdundo umkolee, nami nikaenda kubisha hodi kwa bi mkubwa ili nisikilize kwa upande wake. Mtu mwenye akili timamu angeuona udi unaofuka, angeiona na ile khanga mpya aliyojitanda mwenyeji wangu, akarudi kwake. Mimi nilikwenda moja kwa moja ukutani nikatega sikio kando ya kabati, na nikiwa katika hali hiyo wakaingia wazee wawili wenye kanzu na makoti, pamoja na shangazi mmoja aliyenitazama tangu nyayo hadi utosi. Nikawaamkia palepale nilipo. Bi mkubwa, kwa adabu ya watu wa zamani, akanitambulisha: “Huyu ni jirani, mwanangu tu. Anasikiliza ukuta.”

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo penye aibu.

Mzee wa kwanza alikohoa kidogo akaanza kusema kwamba wao ni wapita njia, na katika kupita kwao wameona ua. Aliposema “ua”, kibakuli cha sukari kilisogea. Nilidhani ni macho yangu. Aliposema kwamba ua hilo limewapendeza, sahani za rafu ya pili zilianza kunong’onezana, na mlango wa kioo, ambao kitasa chake kilikufa zamani, ukafunguka wenyewe kwa upole wa mwenyeji anayekaribisha wageni. Bakuli la supu lenye maua ya bluu likaanza safari. Kila mdundo ulilisogeza upana wa ukucha. Likafika ukingoni, likachungulia. Sikuwa na muda wa kuomba ruhusa. Niliupiga kifua mlango wa kioo, nikalizungusha kabati mikono yote miwili, goti nikalitia kwenye rafu ya chini, na shavu langu likabaki limegandamana na kioo huku nikimtazama mshenga jicho kwa jicho, naye akiwa ameishiwa na maneno ya posa.

Nikapiga kelele: “Punguza!” Hakuna kilichopungua. Ukuta wa tofali huzuia sauti ya mwanadamu vizuri zaidi kuliko unavyozuia besi, na ule upenyo ambao sauti yangu ingepitia nilikuwa nimeuziba kwa mikono yangu, kwa ustadi ambao hadi leo haujasifiwa na mtu. Nikamsihi bi mkubwa apige namba yangu. Akapiga. Rafiki yangu akaona simu yangu ikiandika “Punguza Kelele”, maana ndivyo nilivyomhifadhi jirani huyo, akaikata kwa nia njema ya kunikinga na malalamiko, kisha akaongeza sauti.

Msimlaani. Baadaye fundi redio wa mtaani alitufafanulia kwamba katika chumba chenye urefu wa mita 3 na nusu, besi ya karibu hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, hujaa kwenye kuta na kona, lakini katikati hufifia karibu kupotea. Kiti changu kilikuwa katikati kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeketi pale alikuwa akiutafuta mdundo kwa bidii, huku mdundo wenyewe ukiwa kwa bi mkubwa, ukisaidia kuposa. Kuhusu trei, fundi alicheka mpaka akakaa chini: wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na trei ina unene wa sentimita chache. Zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba chumbani mwangu, basi.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mzee wa pili alitoka akazima meni swichi ya nyumba nzima. Nilipoachia mkono mmoja nifute jasho, bakuli likashuka. Aliporudi, mzee huyo alinikumbusha kuwapo kwa kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo sikujua kama washenga husafiri nazo. Posa imepokewa. Sabufa imeondolewa kwenye kona, imekalishwa juu ya vipande vya mpira ili isiitikise sakafu inayobeba ukuta wetu sote, kitufe cha besi kimerudishwa chini, na kiti changu kimesogezwa nyuma, mahali ambapo mdundo mdogo unanitosha. Kabati halijahamishwa, bi mkubwa amesema atakayehama ni mwenye kelele.

Lililobaki ni bakuli. Wauzaji wa Kariakoo wanataka ninunue seti nzima. Yeyote mwenye bakuli moja la supu, la kauri, lenye maua ya bluu na ukingo wa dhahabu, na ambaye nyumbani kwake hawatalikumbuka kabla ya harusi, anitafute. Asipige simu, aandike ujumbe, kwa kuwa simu yangu sasa iko kwa bi mkubwa na amesema atasoma yeye.