Si kompyuta ndiyo inafanya?

Mwezi uliopita mteja mmoja hapa London alitugeuzia simu yake mezani, sisi wachora nembo na matangazo, akatuonyesha picha nne alizozipata usiku kabla ya kulala. Aliiandikia mashine ya akili bandia maneno mawili matatu, ikamchorea. "Ninyi mmeomba wiki tatu," alisema kwa upole kabisa, "na hii imetumia dakika moja. Mimi nalipia nini hasa?" Wenzangu walinyamaza. Mmoja wao ameifanya kazi hii tangu enzi za kukata karatasi kwa wembe na kubandika kwa gundi, na nilimwona uso ukimbadilika. Mimi sikushtuka. Swali lile nililisikia mara ya kwanza mwaka 2008, Kariakoo, kutoka kwa mama mmoja wa Tandika aliyetaka bango la saluni.

Mama yule alikaa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa nne asubuhi hadi adhana ya alasiri. Tulibadilisha rangi, tukabadilisha herufi, tukaitoa picha ya mwanamke wa Kizungu aliyokuja nayo kwenye flashi, tukatafuta ya msichana aliyesukwa twende kilioni. Ulipofika wakati wa kulipa nikamtajia bei ya flexi, yaani turubai linalochapwa bango, na juu yake elfu kumi ya kudizaini. Akanitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu. "Mwanangu, flexi nimeiona, wino nimeuona. Hiyo elfu kumi ya nini tena? Si kompyuta ndiyo inafanya?" Bosi wangu akacheka naye, akaikata elfu kumi kwenye kitabu cha risiti, na bango likaondoka kwa bei ya mita zake.

Sikumlaumu na simlaumu leo. Alisema kile ambacho duka letu lenyewe lilimfundisha. Mlangoni tuliandika kwa herufi kubwa za njano: KUDIZAINI BURE. Majirani zetu nao waliandika hivyohivyo. Tulishindana kugawa bure kitu pekee tulichokuwa tunakijua, tukauza kitu ambacho hatukukitengeneza, yaani turubai na wino vilivyoshuka bandarini. Hesabu ilikuwa ya mita za mraba. Bango lililofikiriwa kutwa nzima na bango lililonakiliwa kutoka kwa jirani, kama yote ni mita mbili kwa moja, bei yake ni ileile.

Nilipofika huku mwaka 2013 nikapata kazi katika ofisi ndogo ya matangazo, na kilichonishangaza kuliko majengo na treni ni ankara. Ya kwanza kuiona ilikuwa ya nembo ya duka la mikate. Ndani yake hamkuwa na kadi, bango wala stika. Mlikuwa na siku tupu: siku mbili za kumsikiliza mwenye duka, siku nne za kuchora, siku moja ya kurekebisha. Tulimpelekea nembo tatu, akazikataa mbili, akazilipia zote. Niliisoma ankara ile mara tatu nikiwa nimesimama karibu na mashine ya kuchapia, nikakumbuka ile elfu kumi iliyokatwa kwa kalamu.

Lakini ndugu zangu wa nyumbani nisiwapambie. Kazi ya huku ina ukame wake. Niliwahi kukaa miezi minne, mimi na wenzangu wanne, tukishughulikia rangi ya kitufe kimoja kwenye programu ya simu ya benki. Katika miezi hiyo hatukumwona mtu hata mmoja anayekibonyeza. Zilikuja namba tu: wangapi wamebonyeza cha kijani, wangapi cha bluu. Mteja tulimwona kwenye vikao, na vikao vilikuwa na watu wanane wanaoogopana. Bango la mama wa Tandika lilitundikwa Ijumaa, na Jumatatu nilipita pale na daladala nikawasikia abiria wawili wakilisoma kwa sauti. Baada ya wiki mbili alinipigia simu kuniambia kuwa wasichana wanaingia saluni wakinyoosha kidole kwenye bango: "Nisuke kama huyu." Miaka yote niliyokaa London sijawahi kupokea simu ya namna hiyo, na ninaikosa kwelikweli.

Kwa hiyo ninaumia ninapowasikia Watanzania wenzangu wa huku wakisema kwamba watu wa nyumbani hawathamini ubunifu. Nendeni Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanamke anaishika doti, anapapasa pamba yake, anaitazama rangi, halafu anauliza: imeandikwaje? Jina lisipomgusa anairudisha, hata kama maua yake yanavutia. Maneno matano au sita ndiyo yanayoamua kama ataipeleka kwa wifi yake, ataivaa siku ambayo jirani fulani atakuwepo, au ataiacha palepale. Tangu majina hayo yalipokuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi yalipohamia za Kilatini, bibi zetu wamekuwa wakilipia fumbo. Nimekaa na waandishi wa matangazo wenye tuzo ukutani, na nasema bila kusita kwamba wengi wao hawawezi kufanya kwa maneno sita kile ambacho kanga moja inafanya kwenye kamba ya kuanikia nguo. Watu wetu wanalijua wazo likiwa zuri, na wanalifungulia pochi.

Wasilolijua ni aliyelitoa. Ni nani aliyeandika jina la kanga aliyoivaa mama yako wakati wa arobaini yako? Hakuna anayejua.

Mwaka 2017 vyombo vya habari vya Dar vilijaa habari za mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyekuwa akiishi Buguruni katika hali duni. Alisema yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa: bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, Mlima Kilimanjaro chini ya miguu yao, mwenge, na Uhuru na Umoja. Alifariki mwezi Mei mwaka huohuo. Wapo waliomtaja mchoraji mwingine, na mimi sina uwezo wa kuamua kesi hiyo. Kinachonichoma ni kwamba kulikuwa na kesi. Mchoro ule uko kwenye pasipoti niliyosafiria na kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Mfanyakazi mwenzangu aliwahi kuishika pasipoti yangu, akausifu ule mchoro, akaniuliza umechorwa na nani. Mimi, mtu ninayeishi kwa kuchora nembo, sikuwa na jibu.

Kwenye kona ya chini ya ramani ya treni za chini ya ardhi hapa London kuna maandishi madogo yanayosema kwamba imetokana na wazo la Harry Beck la mwaka 1931. Beck alikuwa mtu wa kuchora michoro ya umeme. Aliinyoosha mistari ya reli kama nyaya, na ramani ikachapishwa 1933. Hata yeye hakutendewa haki. Ramani ilichukuliwa mikononi mwake, akafariki 1974 kabla jina lake halijarudishwa. Ila lilirudishwa, na leo nalisoma stesheni ninaposubiri treni. Sisi tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayompa mchoraji haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Nilifanya kazi Kariakoo miaka sita bila kumsikia mtu yeyote akiitaja, hata mimi mwenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo lazima nilikiri. Programu tulizotumia pale dukani zilikuwa za kunakili, zinatembea kwenye flashi kutoka duka hadi duka. Hakuna aliyelipia CorelDRAW wala Photoshop. Tulikuwa tunalalamika kwamba wazo letu halilipwi huku kila asubuhi tukiwasha wazo la mtu mwingine ambalo hatukulilipia. Najua dola ilikuwa mbali na mfuko wetu, na tangu Adobe, wenye Photoshop, walipohamia kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013 kijana wa Kariakoo amezidi kubanwa. Hata hivyo tabia ile ilitulea. Ukizoea kuona kuwa kilicho ndani ya kompyuta ni cha bure, huwezi kumshawishi mteja kuwa chako kina bei.

Sasa zimekuja mashine zinazochora zenyewe. Mwaka 2022 zilipoenea nilizijaribu kwa Kiswahili. Nikaomba daladala lenye maandishi ubavuni, nikapewa herufi zilizopinda zisizosomeka. Wenzangu wengi waliegemea kasoro hiyo, wakasema hatuna cha kuogopa. Leo herufi zinatoka zimenyooka. Kwa hiyo siwezi kuwaambia wadogo zangu wa Dar kwamba mashine haijui Kiswahili. Inajifunza, na inajifunza kutoka kwetu, kwa picha tulizoweka mtandaoni wenyewe.

Niliiandikia neno moja tu: Tingatinga. Ikanipa chui mwenye madoa, ndege wawili na mti. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya mbao za dari, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi, kwa makosa. Jina lake likabaki kuwa jina la uchoraji wenyewe, na hadi leo wachoraji wa Oyster Bay wanakula kwa brashi hiyo. Hapa London kampuni ya picha ya Getty Images iliishtaki Stability AI, wenye mojawapo ya mashine hizo za kuchora, mwaka 2023 kwa kulishia mashine yake picha bila ruhusa. Getty wana mawakili na kila picha yao ina namba na jina. Mchoraji wa Oyster Bay ana nini cha kupeleka mahakamani?

Ndiyo maana narudi kwenye mita za mraba. Huku wabunifu wanatetemeka kwa sababu walizoea kulipwa siku zao, na mashine imezifupisha siku. Dar hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sisi tulikuwa tunalipwa karatasi, na karatasi inaondoka. Tazama kadi za mchango wa harusi. Zamani kamati ilichapisha kadi mia tatu, dizaina akapata riziki yake ndani ya kadi hizo. Siku hizi kadi inatumwa kwa WhatsApp. Picha moja inawafikia watu mia tatu na hakuna hata kipande cha karatasi cha kuhesabu. Aliyezoea kuandika "kudizaini bure" amebaki na neno "bure" peke yake.

Mpwa wangu anafanya kazi hiyo Mwenge, kwenye simu, kwa programu ya PixelLab, na ana jicho ambalo mimi sikuwa nalo katika umri wake. Tumelizungumza jambo hili kwa miezi. Nilimsihi kila risiti yake iwe na mistari miwili, ubunifu na uchapaji, na ule wa ubunifu uandikwe hata kama ni shilingi elfu tano, ili mteja alione neno lenyewe limekaa kwenye karatasi karibu na pesa. Alikuwa na wasiwasi. "Mjomba, wewe uko Ulaya. Mimi nikiandika hivyo anavuka barabara anaenda kwa mwingine." Yuko sahihi, wawili wamevuka. Ningependa vijana wa mtaa mzima waandike hivyo siku moja, pasiwe na pa kuvukia, lakini siwezi kumwambia asubiri mtaa mzima wakati kodi ya chumba inamsubiri yeye.

Wiki iliyopita alimtengenezea kadi mwenyekiti wa kamati moja ya harusi ya Sinza. Hakukuwa na uchapaji, kwa hiyo risiti ilikuwa na mstari mmoja: ubunifu, elfu arobaini. Mzee akauliza swali lilelile, sasa limehamia kwenye simu: si simu ndiyo inafanya? Mpwa wangu hakubishana. Alimwambia, "Mzee wangu, naomba dakika tano," akamfungulia kadi nne alizozichora kabla ya ile ya mwisho. Akamwonyesha ya kwanza, ambapo jina la upande wa bibi harusi lilikuwa dogo kuliko la upande wa bwana, na ugomvi ambao ungezuka. Akamwonyesha ya pili, ambapo namba ya kupokelea pesa ilikuwa chini kabisa, isingeonekana na mtu mwenye miwani. Ya tatu ilikuwa na kiwango cha singo na dabo, yaani mchango wa mtu mmoja na wa wawili, kwa rangi nyekundu, ikasomeka kama deni. Mzee alizitazama zote, akairudia ile ya tatu, akacheka kidogo.

Alilipa ishirini, akaahidi ishirini nyingine baada ya kikao cha Jumapili. Mpwa wangu amenitumia picha ya risiti. Neno ubunifu liko juu, kwa wino wa bluu, na saini ya mwenyekiti iko chini yake.