Picha Moja Tu ya Jioni

Hebu niambieni, ndugu zangu mnaopenda kutembea jioni: hivi njia ya waenda kwa miguu hutengenezwa kwa ajili ya nani? Jana saa 12 jioni nilitoka nyumbani, hapa Sinza, Dar es Salaam, nikiwa na simu mkononi na haraka moyoni, kwa sababu huku karibu na ikweta jua likishazama giza huingia ndani ya nusu saa, wala halimsubiri mpiga picha. Nilitaka kitu kimoja tu: mwarobaini wa pale kwenye kona, majani yake yakiwa yamegeuka rangi ya asali.

Picha ya kwanza ilinasa bodaboda, aliyepanda juu ya njia yetu kisha akanipigia honi kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Ya pili ilijaa nyaya za umeme, zilizosokotana kama ukili uliomshinda msusi. Nikasogea kushoto, nikakuta gari limeegeshwa juu ya njia, matairi yote manne, na nyuma yake mtaro usio na mfuniko (vyuma chakavu vina soko, jamani). Niliponea chupuchupu. Hapo mama wa chapati akauliza, mtaa mzima ukisikia: "Kaka, unampiga picha nani?"

Nilipomaliza kumweleza kwamba ni mti, mti tu, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nina picha 14, na mwarobaini umeonekana katika moja, nusu yake, nyuma ya kidole gumba changu.