Nalipa Kodi ya Masaki, Nakula na Walinzi

Dalali wa Masaki, mtaa wa wenye pesa wa Dar es Salaam, hakwambii nyumba ina kasoro. Anakwambia "hii ina upekee wake, bosi wangu." Picha alizonirushia WhatsApp zilionyesha sebule ya kuchezea mpira. Nilipofika, sofa la watu watatu lilikuwa limesimama mlangoni kama trafiki, ukitaka kupita unaomba njia. Nikauliza mbona kwenye picha palikuwa pakubwa? "Ni kamera tu, bosi. Simu za siku hizi zina mambo."

Na hakuja peke yake. Nilimpigia dalali mmoja, wakaja wanne kwa bodaboda mbili. Wa kwanza ananijua mimi, wa pili anamjua wa kwanza, wa tatu anamjua mlinzi, wa nne ndiye mwenye funguo. Elfu thelathini ya kuonyeshwa nyumba ilinitoka kabla kitasa hakijazungushwa. Kodi ya mwezi mzima ya udalali wakaigawana pale pale chini ya mwembe, bila hata kunionea haya. Wakati huo getini pameandikwa INAPANGISHWA, herufi kubwa, na namba ya mwenye nyumba chini yake.

Tukaja kwenye bei. Zamani huku ilikuwa dola tu, hakuna kupepesa macho. Machi 2025 serikali ikatoa kanuni: marufuku kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, shilingi iheshimiwe. Nikafurahi kizalendo kabisa. Mwenye nyumba wangu naye ni mtii wa sheria, neno dola halimtoki ng'o. Anasema, "Kodi ni shilingi, baba. Wewe angalia tu siku hiyo benki wanabadilishaje mia nane." Mia nane za nini? "Za kawaida."

Za kawaida, halafu miezi sita kwa mkupuo! Mwajiri wangu ananilipa mwezi kwa mwezi, tena kwa kuchelewa, ila mimi natakiwa nimlipe mtu nusu mwaka ambao sijauishi. Nikaomba nitoe kidogo kidogo. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Kwani ulikuwa unatafuta chumba na sebule?" Mama watoto akanifinya. Nikalipa.

Hapo jirani, Oysterbay, ndipo palipokuwa Uzunguni enzi za mkoloni. Mkoloni aliondoka 1961, bei hakuibeba.

Sasa vyumba vyenyewe. Mkataba unasema viwili. Cha kwanza sina ugomvi nacho. Cha pili tuliingiza kitanda cha nne kwa sita, na mlango ukawa unafunguka nusu. Mwanangu ni mwembamba, anapita ubavuubavu. Mimi namwombea usiku mwema nikiwa koridoni. Na ule mwonekano wa bahari tulioahidiwa upo, nisiwe mwongo: panda ukingo wa beseni la kuogea, shika bomba la maji moto lisilo na maji moto, chungulia dirisha la choo upande wa kushoto wa ghorofa la jirani. Utaona kitu cha bluu. Mama watoto anasema ni bati.

Kisha umeme. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na mwaka 2023 ikapandishwa: nyumba ya kawaida kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi, ghorofa kutoka 5,000 hadi 7,500 kwa kila sakafu. Serikali ilishasema kodi hiyo ni ya mwenye jengo, mpangaji akikatwa wamalizane wenyewe. Nikaenda tumalizane. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Lakini kinachonimaliza ni kwamba huku hakuna duka la Mangi. Nilikotoka nilikuwa nanunua kitunguu kimoja, nyanya mbili, mafuta ya kupima, na daftari la madeni juu. Huku kitunguu kinauzwa dukani kwenye kisinia chenye plastiki, na dada wa kaunta hana daftari. Mchana wa Jumamosi nazunguka nyuma ya jengo linalojengwa, kwa mama ntilie wa mafundi. Tunakaa mimi, walinzi na madereva, tunapiga ugali dagaa. Mlinzi wa geti letu alinishangaa siku mbili tatu, siku hizi ananiwekea ndoo ya kukalia. Yeye anaishi Tandale, na mwisho wa mwezi ndiye anayenikopesha.

Ndugu sasa! Hao hawajui habari ya bati wala ndoo. Wamesikia neno Masaki, basi. Bodaboda ukimtajia Masaki nauli inapanda, na ukoo ndiyo hivyo hivyo. Kamati ya harusi ya mpwa wangu haikuniuliza natoa ngapi. Nilifungua grupu nikakuta nimeshaandikwa: Mjomba Masaki, ahadi milioni moja, tiki ya kijani. Anayenifuatia ana elfu hamsini, na huyo ana basi mbili za mikoani.

Nikajikaza, nikaandika kwamba mjomba kwa sasa amehamia Mbagala kwa muda, mambo hayajakaa sawa.

Mweka hazina akajibu dakika hiyo hiyo: "Pole sana mjomba. Kwa hiyo ile ya Masaki umeipangisha shilingi ngapi?"