Siklosporini na ini la panya: tunapima nini hasa?

Panya mkubwa wa maabara (rat) akipewa siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa kipimo kikubwa, kisha akawekewa kijimrija kwenye njia ya nyongo, matone hupungua. Panya hana kifuko cha nyongo, kwa hiyo kinachodondoka ni kile ini linachotengeneza muda huohuo. Hakuna akiba ya kuficha upungufu. Chanzo kinajulikana: dawa huzuia pampu iliyo kwenye utando wa seli za ini, ile inayosukuma chumvi za nyongo zitoke. Chumvi hizo hurundikana, damu huanza kuzibeba, na bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, hupanda kwenye damu. Ndiyo maana wapo wanaoiita dawa hii sumu ya ini.

Wanaoitetea dawa hii nao wana hoja nzito. Tangu uwezo wake wa kutuliza kinga ya mwili ulipogunduliwa katika maabara za Sandoz, Uswisi, mwaka 1972, dawa hii imewafanya wengi waishi na viungo vya kupandikizwa. Tena kuna hili: panya akikatwa theluthi mbili za ini, linalobaki hukua upya, na majaribio kadhaa yameonyesha siklosporini ikiuharakisha ukuaji huo. Wanauliza, sumu gani hiyo inayolikuza ini?

Swali ni zuri, lakini halinitoshi. Seli kuongezeka ni jambo moja, kufanya kazi yake ni jingine. Ini linaweza kukua huku nyongo ikitiririka kwa shida.

Upande wa pili, wa wanaoiita sumu, nao huteleza, hasa kwenye kipimo. Yako majaribio ya panya yaliyofika miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, ilhali mbwa mwenye mzio wa ngozi huanzishiwa 5. Halafu kuna kiyeyushi. Siklosporini haikubali maji, hivyo ile ya sindano huchanganywa na kiyeyushi kilichotokana na mafuta ya mbarika, ambacho peke yake kinaweza kumletea mbwa mzio mkali. Jaribio lisilo na kundi lililopewa kiyeyushi kitupu silipi uzito.

Kinachoniuma zaidi ni ripoti zinazotegemea ALT pekee, kimeng'enya cha seli za ini kinachopimwa kwenye damu. Kimeng'enya hicho huvuja seli zikiumia, na hapa mara nyingi hakipandi sana, kwa sababu tatizo ni mtiririko kabla ya kuwa kifo cha seli. Mtafiti anaandika "ini salama" juu ya mnyama ambaye nyongo imemkwama. Chumvi za nyongo katika damu zipimwe kabla ya dozi ya kwanza, wakati wa matibabu, na tena dawa ikishasimamishwa.