Oksijeni mbili za karafuu
Mwalimu mwenzangu hapa Chake Chake aliwaonyesha wanafunzi molekuli ya eujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake, kwa Jmol, programu ya kompyuta ya kuchora molekuli. Ina kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2. Oksijeni moja imeshikana na kaboni na haidrojeni, ya pili imekaa baina ya kaboni mbili. Ili watoto wazitofautishe, moja akaipaka zambarau, nyingine akaiacha nyekundu. Alipokusanya madaftari akakuta wanafunzi kadhaa wameandika kwamba eujenoli ina elementi nne badala ya tatu, kwa kuwa kila elementi huwa na rangi yake.

Tangu siku hiyo tunabishana kama rangi za atomi zibadilishwe au ziachwe.

Rangi hizi zina asili ndefu. Mwaka 1865 mkemia August Wilhelm von Hofmann alihadhiri London kwa mipira ya mchezo wa kroketi, kila mpira ukiwa atomi: kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, nitrojeni buluu, oksijeni nyekundu, klorini kijani. Ndiyo maana mtoto aliyezoea vitufe vya plastiki vya kuundia molekuli skuli akifungua programu anaitambua oksijeni bila ya kuambiwa. Ukiibadilisha, unamlazimisha ajifunze kusoma upya.

Lakini programu zenyewe hazikubaliani. Jmol huipa kaboni kijivu, PyMOL huipa kijani. Na wapo watoto wasiopambanua kijani na nyekundu, wengi wao wavulana, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Kwao kaboni ya kijani na oksijeni nyekundu zinaweza kuonekana karibu sawa. Kumwambia mtoto huyo kwamba ndiyo kanuni ni kumnyima somo, na hilo silikubali hata kidogo.

Kwa hivyo mie naona kaboni ibadilishwe bila ya woga. Wanakemia wenyewe hufanya hivyo wanapoweka molekuli mbili pamoja, dawa na protini yake kwa mfano. Oksijeni na nitrojeni ziachwe, ila kwa ajili ya asiyeziona vyema, na hapo ufunguo wa rangi uandikwe pembeni. Kutofautisha oksijeni mbili ni kazi ya namba, si ya rangi.

Juzi tuliifungua tena eujenoli, oksijeni zote nyekundu, moja ina 1, nyingine 2. Mwenzangu akasema wanaokaa nyuma hawazioni namba. Ni kweli, nimezikuza maradufu.